Kafi la Pili la Nge

Saa za mkono hazikufa siku moja pale Maganzo. Kwanza watu waliacha kuleta saa za kutia ufunguo, wakawa wanaleta za betri. Kisha wakaacha hata za betri, kwa kuwa kununua saa mpya ya kutupa kulikuwa rahisi kuliko kumsubiri fundi. Mwisho kila mtu akawa na simu, na ukimuuliza mtu saa ngapi anapekua mfuko wa suruali kama anayetafuta ugoro. Mzee Salmini aliyaona hayo yote akiwa amekaa kwenye kibaraza kilekile kando ya barabara ya Mwanza, nyuma ya kisanduku chake cha vioo, huku wanunuzi wa almasi wakipita na miwani yao ya jua na bodaboda wakimpulizia vumbi usoni. Hakuna aliyemfukuza. Walimwacha tu pale, kama unavyokiacha kisiki ambacho hakijakuzibia njia.

Alikuwa mtu wa mjini kwa kuzaliwa. Babu yake mzaa baba alitoka pwani na biashara ya chumvi na nguo, akaoa Msukuma, akasahau njia ya kurudi. Salmini alijifunza ufundi Shinyanga mjini kwa Mhindi mmoja mkali, aliyemfagilisha duka na kumpangisha skrubu moja moja mpaka akachoka kuuliza lini atafungua saa ya kwanza. Siku hizi kijana ukimwambia afanye hivyo ataondoka kabla hujamaliza kusema, na jioni utamkuta amejiandikia kibao kuwa yeye ni fundi. Zamani hata mwenye saa alikuwa na subira. Aliileta, akakaa kwenye benchi, akanywa kahawa, akaeleza aliipata kwa nani na iliangukia wapi. Fundi aliujua ukoo wote wa saa kabla hajaigusa.

Miongoni mwa watu wa benchi, miaka ile Salmini akiwa bado na nywele nyeusi, alikuwamo mzungu mmoja mpima miamba. Watu walimwita Bwana Kokoto, kwa sababu alikuwa hawezi kupita njia bila kuinama na kuokota jiwe. Alileta saa ya marehemu baba yake, akakaa akimtazama Salmini akitoa kwa kibano springi nyembamba kama unywele na kuirudisha mahali pake. Juma lililofuata alirudi na kitu kizito kilichofungwa katika taulo. Ndani yake mlikuwa na bamba la jiwe la kijivu, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na juu ya bamba hilo alilala nge.

Hakuwa nge wa huku. Bwana Kokoto alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba jiwe hilo alilitoa kwao, katika machimbo yaliyo karibu na kijiji alichozaliwa, na kwamba kule kwao wapo watu wazima wenye kazi zao na familia zao ambao starehe yao ya siku za mapumziko ni kupasua mawe na kuwatafuta wanyama kama huyo. Nge huyo aliishi majini, zamani sana, nchi kavu ikiwa bado haina hata mti mmoja. Alikufa, akafunikwa na tope laini, tope likawa jiwe, naye akabaki ndani yake. Kichwa chake kilikuwa kama ngao ndogo yenye macho mawili mfano wa punje za maharage. Mgongo ulikuwa na pingili kama za muwa, nyembamba zaidi kadiri unavyokwenda nyuma, na mkia uliishia katika mwiba mnyoofu kama msumari. Na ubavuni, upande wa kushoto, ulitoka mguu mmoja uliopanuka mwishoni ukawa kafi kabisa, kama makafi wanayopigia maji wavuvi wa Ziwa.

Kafi la kulia halikuwapo. Mahali lilipopaswa kuwa, jiwe lilikuwa limevimba kidogo, na Bwana Kokoto aliamini limelala chini ya uvimbe ule. Yeye mwenyewe hangeweza kulifukua. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kazi ile haitaki mkono wa kutetemeka. Alimwonyesha Salmini jinsi ya kufanya: unachukua sindano iliyofungwa kwenye mpini, unakwangua jiwe punje kwa punje, unapuliza vumbi, unatazama kwa kioo cha jichoni, unakwangua tena. Ukiharakisha, sindano inateleza na kumchana mnyama mwenyewe, na hapo hakuna wa kumshona. Kwa fundi saa maneno hayo hayakuwa mageni. Mzungu aliondoka nchini mwaka uleule, nge akabaki Maganzo.

Salmini alianza kwa kujifurahisha. Jioni, baada ya kufunga saa za watu kwenye karatasi zake, alilitoa bamba na kukwangua kidogo. Zamoyoni, mkewe, alikuwa akipita na sufuria akisema ana bahati kuliko wanawake wengine wa Maganzo, maana mke mwenzake hali, hanuni, wala haombi kanga za sikukuu. Zamoyoni alikuwa na maneno. Alipofariki, Salmini alikaa siku nyingi bila kugusa sindano, kisha akarudia, na safari hii haikuwa kwa kujifurahisha. Saa zilikuwa zimekwisha. Benchi lilikuwa tupu. Kilichobaki mkononi mwake ni uvimbe ule wa jiwe na kitu kilichokuwa chini yake.

Watu wasiojua ufundi hawaelewi mtu anawezaje kukaa na kazi moja miaka yote hiyo. Jiwe lile lilikuwa gumu, na siku nyingine kazi ya asubuhi nzima ilikuwa vumbi lisilojaza kijiko cha chai. Salmini alisafisha kwanza pingili zote, akausafisha mwiba wa mkia mpaka ukang'aa mweusi, akasafisha ukingo wa ngao. Kafi la kulia alilihifadhi la mwisho, kama mtu anavyohifadhi kipande cha nyama pembeni ya sahani. Hapo ndipo alipokosea. Alipolifikia, jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, daktari wa kambi ya macho akasema ni mtoto wa jicho, na la pili linafuata. Sasa alifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa upande wa kibaraza. Hakuna saa iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa nusu. Alitaka kuliona kafi hilo kabla macho hayajafunga duka, basi. Hakuwa na haja nyingine duniani aliyoweza kuitaja.

Kwa kuwa jiwe likikwanguliwa sana huanza kumeguka, alikuwa akilipaka gundi nyepesi aliyoizimua kwa maji ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo binti yake Samia alimnunulia sokoni. Gundi hiyo aliiita dawa. Angeiitaje? Dawa ya meno ni dawa, dawa ya viatu ni dawa, dawa ya mbu ni dawa. Fundi yeyote ana dawa zake.

Siku moja alikuja kijana mmoja mchimbaji aitwaye Mabula, Msukuma wa Nyang'hwale, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Alileta saa aliyoiokota, akitaka kujua kama ni dhahabu. Haikuwa dhahabu. Alipokuwa akiondoka alimwona nge kwenye kisanduku, akanyoosha kidole akamgusa mgongoni.

"Usiguse," Salmini alisema. "Limetiwa dawa, halijakauka."

Mabula alirudisha mkono kama aliyeungua. Alikitazama kidole chake kilichonata, akamtazama mzee, akasema shikamoo kwa mara ya pili, jambo ambalo Salmini aliliona la ajabu kidogo, lakini alimjibu marahaba akaendelea na kazi.

Juma halikuisha kabla Mabula hajapata almasi. Haikuwa kubwa, ila ilitosha kumfanya anunue pikipiki na kuimba barabarani. Na alipoulizwa amefanyaje, naye ni yule aliyekuwa akichekwa kwa mikosi, hakuficha. Alisema fundi saa wa Maganzo ana nge wa jiwe aliyetiwa dawa, na yeye alipakwa kidole.

Ndivyo benchi la Salmini lilivyojaa tena. Walikuja asubuhi kabla ya kwenda mashimoni, wakavua kofia, wakamwita guku, yaani babu kwa Kisukuma, wakamsalimia mwangaluka kwa unyenyekevu aliokuwa ameusahau. Wengine walileta kuku. Mwanzoni Salmini aliwafukuza. Aliwaambia nge hana uganga, ni mnyama wa kale aliyegeuka jiwe, na dawa ni gundi. Waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema wote wanajua hivyo, tena akakonyeza. Kwa watu wale nfumu wa kweli, yaani mganga, hajitangazi. Anayejitangaza ni tapeli wa kwenye nguzo za umeme. Kwa hiyo kadiri mzee alivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kumwamini.

"Jiwe ni jiwe," aliwaambia kila siku.

"Ndiyo, guku," walijibu, wakasogea karibu.

Kisha kikatokea kitu ambacho Salmini hakukitarajia. Walikuwa wanasikiliza. Alipoeleza kuhusu tope na maji na nchi isiyo na miti, walikaa kimya midomo wazi, watu wazima wenye matope mpaka kwenye kope. Mara ya mwisho mtu kumsikiliza hivyo Zamoyoni alikuwa hai, naye alisikiliza huku akichambua mchele. Walimu wa shule alikuwa amekwisha kuwaonyesha jiwe lake, wakapiga picha kwa simu wakaondoka. Hawa hawakupiga picha. Waliuliza alikuwa anakula nini. Waliuliza kama aliuma. Salmini alijua vizuri kwamba wanasikiliza jambo jingine kabisa kuliko analosema, lakini mtu aliyeshinda na njaa haulizi ugali umesongwa kwa ajili ya nani. Akaacha kuwafukuza. Akaacha hata kuwazuia kugusa ukingo wa bamba, mradi wasimguse mnyama.

Samia, ambaye alikuwa akiuza chai na maandazi upande wa pili wa kibaraza, alimwangalia baba yake akanyamaza. Maandazi yalikuwa yanakwisha mapema. Siku moja tu alisema, akifuta meza, kwamba baba ameanza kunyoa ndevu.

Mabula hakukaa sana Maganzo. Almasi ya pili haikuja, pikipiki aliiuza, na habari za rashi ya dhahabu, yaani machimbo mapya watu wanayoyakimbilia, karibu na Kharumwa, kwao Nyang'hwale, zikamwita nyumbani. Kabla ya kuondoka alikuja kumwomba Salmini kipande cha nge, hata punje tu, cha kwenda nacho kwenye duara, yaani shimo lake la dhahabu. Alikuja na mkewe Dorika, mwanamke mdogo wa Ushirombo mwenye rozari shingoni, aliyesimama nyuma akimwonea haya mumewe. Salmini alikataa. Alikuwa amefikia safu ya mwisho ya jiwe. Siku mbili hizo sindano yake ilikuwa imegusa kitu cheusi kilicho laini kuliko jiwe lenyewe, ukingo mwembamba kama ukucha. Kafi lilikuwapo. Au kitu kilikuwapo. Hangemega hata vumbi.

Mabula alicheka akasema guku ana wivu na nge wake kuliko mwanamume mwenye binti mzuri, akamuaga kwa heshima, wakaondoka.

Asubuhi zilizofuata zilikuwa za mawingu, na Salmini hakuweza kuona vizuri. Alikaa na bamba magotini akisubiri jua. Hakutaka kukosea sasa.

Badala ya jua alikuja Dorika. Alifika akiwa na matope ya njia nzima kutoka Kharumwa hadi Kahama na kutoka Kahama hadi Shinyanga, kanga imemwendea upande, kandambili moja imekatika. Samia alimtilia chai, hakuinywa. Alisimulia akiwa amekaa chini, hakutaka kiti. Duara lilikuwa limetitia. Matimba ya katikati, zile nguzo za miti zinazoshikilia udongo, yalivunjika, na Mabula na mwenzake walikuwa chini ya kifusi. Wako hai. Wanagonga jiwe, na wa juu wanasikia. Habari zimepelekwa kwa wakubwa, mashine inasemekana iko njiani, lakini njia yenyewe imeharibiwa na mvua. Na wanaume waliopo pale juu, wenye mikono na sululu, hawataki kushuka. Ukingo unaendelea kumeguka. Wanasema duara limekataa.

"Wamesema watashuka wakipata dawa," alisema Dorika. "Wamesema nge. Mabula ndiye aliyewasimulia, kila mtu kule anajua. Wamenituma mimi."

Salmini alianza kueleza, kama alivyokuwa ameeleza kila siku. Alimwambia ni gundi. Alimwita Samia aje aseme ni nani aliyeinunua na ni kwa ajili ya nini. Samia alisema ni kweli, ni maji ya kucha. Dorika alisikiliza mpaka mwisho, bila kukonyeza kama wale wengine. Aliamini. Mzee aliona katika macho yake kwamba huyu, peke yake kati ya wote, ameamini.

"Mimi ni Mkristo, babu," alisema. "Nimeacha wamama wanasali, na sala zinaendelea. Sikuja kwa sababu naamini nge. Nimekuja kwa sababu wale wanaume wanaamini." Akapangusa pua kwa pindo la kanga. "Na wewe unasema halina kitu. Kama halina kitu, unalizuilia nini?"

Mzee Salmini angeweza kumwambia kuhusu Bwana Kokoto na mikono yake iliyotetemeka, na kuhusu ukingo mwembamba kama ukucha. Angeweza kumwambia kwamba kitu kinaweza kukosa dawa na bado kikawa kitu. Maneno yote hayo yalikuwapo, lakini mbele ya mwanamke ambaye mumewe anagonga jiwe gizani hayakuwa na mahali pa kukaa. Alimgeukia binti yake.

"Baba," Samia alisema taratibu, "si wewe unayesema jiwe ni jiwe?"

Mzee akainuka, akaenda ndani. Alirudi na kanga ya marehemu Zamoyoni, akalifunga bamba vizuri, tabaka juu ya tabaka, kama unavyomfunga mtoto wa safari. Alimpa Dorika masharti. Waliguse. Walipitishe juu ya duara, walizungushe, wafanye watakavyo, walipigie magoti wakitaka. Lakini wasilivunje. Akishatoka mumewe, alirudishe. Dorika aliapa kwa rozari yake. Salmini alimwambia tena wasilivunje, naye akaapa tena, huku bodaboda akipiga honi.

Alipokwisha kuondoka jua lilitoka, jeupe kabisa, na likakaa kwenye kibaraza hadi mchana. Mzee hakufungua kisanduku. Wachimbaji walikuja wakakuta mahali pa nge ni patupu, wakauliza, wakaambiwa, wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa. Mmoja alisema sasa ndiyo ameamini kabisa, maana mganga wa tamaa asingetoa. Salmini alimwambia aende zake. Zamani ukimfukuza mtu mzima alijua amefukuzwa.

Habari zilikuja kwa simu ya Samia. Mabula ametolewa. Mwenzake pia, amevunjika mguu lakini yu hai. Barabara nzima ya Maganzo ilisikia kabla mzee hajamaliza kusikiliza. Watu walikuja kumpa mkono kama siku ya Idi, na Mama Justa wa duka la vocha, ambaye hajawahi kumsalimia, alimpigia goti. Salmini alipokea mikono hiyo yote. Alikuwa na furaha, hilo halina shaka, mtu akitoka kaburini lazima ufurahi. Lakini alikuwa anauliza jambo moja kwa kila aliyekuja na habari, na hakuna aliyemjibu: jiwe linarudi lini?

Lilirudi na Mabula na Dorika, siku ya soko. Mabula alikuwa amekonda, kucheka kwake kumepungua, na juu ya viganja vyote viwili alikuwa na chale mbichi zilizopakwa kitu cheusi. Alibeba jogoo. Dorika alibeba kanga ya Zamoyoni imefuliwa, imekunjwa, nyepesi. Mzee aliuona wepesi wake tangu walipokuwa upande wa pili wa barabara wakisubiri lori lipite.

Walieleza wakipokezana. Dorika alipofika kwenye duara, alishika neno lake. Alisimama mbele yao akasema liguswe tu. Waliligusa. Wakasogea mpaka ukingoni, ukingo ukamwagika mchanga kidogo, wakarudi nyuma. Mganga wa pale akasema dawa iliyo ndani ya jiwe haiwezi kutoka kwa kuguswa, kwamba mwenye nge mwenyewe alikuwa akiikwangua kwa sindano, kila mtu Maganzo amemwona. Wakakubaliana. Walileta kinu cha chuma, kile cha kutwangia mawe ya kupimia dhahabu. Unga mwingine ulimwagwa mdomoni mwa duara, na mwingine walichanjwa nao wote waliokuwa tayari kushuka. Na walipokwisha kuchanjwa, walishuka. Walishuka mfululizo wakiimba, wakachimba kwa mikono na ndoo, udongo ukiwaangukia migongoni, hakuna aliyerudi nyuma, mpaka wakamfikia Mabula.

"Wasingeshuka, babu," alisema Dorika. "Nakuambia ukweli. Wasingeshuka."

Salmini alisema anajua.

Na alikuwa anajua, na hilo ndilo lililomuuma. Kama wangelivunja na Mabula akafa, angewalaani wote, wajinga wa karne, akakaa kwenye kibaraza chake na haki yake kamili. Sasa hata haki hiyo hakuwa nayo. Jiwe halikuwa na dawa, na lilikuwa limemtoa mtu chini ya ardhi, na kesho hangeweza kumwambia mtu yeyote Maganzo kwamba ni jiwe tu. Tayari wachimbaji walikuwa wamekusanyika barabarani, wakitazama kisanduku cha vioo, wakiangalia kama mzee amebakiwa na kitu kingine.

Mabula aliweka jogoo chini akapiga magoti, akanyoosha mikono yake miwili yenye chale, kama anayemwonyesha baba yake kazi aliyoifanya. Alisema alipotolewa walimchanja naye kwa unga uliobaki, ili shimo lisimdai tena. Alisema guku ni baba yake sasa. Mzee alimshika viganja akaviinamia kwa jicho lake zima. Kwenye kila chale, chini ya ngozi iliyoanza kufunga, kulikuwa na weusi mdogo. Unaweza kuwa wa nge, unaweza kuwa wa jiwe, unaweza kuwa wa masizi ya mganga. Aliviachia.

Kisha akamgeukia Dorika.

"Mlipolivunja," alisema, "kabla ya kulitia kinuni. Upande wa kulia palikuwa na uvimbe. Paliposhikana na ubavu. Pigo la kwanza lilipopasua, ndani yake mliona nini?"

Dorika alimtazama mumewe, lakini Mabula wakati huo alikuwa chini ya kifusi. Samia aliacha kumimina chai. Dorika alikunja kanga aliyoishika, akaikunjua, akaikunja tena. Pale kwenye duara watu walikuwa wakilia na kusukumana, na mwenye nyundo alikuwa akipiga bila kutazama, na yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho akihesabu rozari. Hayo hakuyasema.

"Lilikuwapo, babu," alisema. "Kafi. Zima kabisa, kama lile la kushoto. Niliona kwa macho yangu."

Mzee Salmini aliitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa hajawahi kumwambia Dorika kwamba kinachotafutwa pale ni kafi. Pengine Samia ndiye aliyemwambia, walipokuwa wakiongea kwenye simu. Angeweza kumuuliza lilielekea wapi, lilikuwa limekunjwa au limenyooka, lilikuwa na pingili ngapi kabla ya kupanuka. Swali moja tu lingetosha, na mwanamke yule angelazimika kujibu, mbele ya mumewe aliyepiga magoti, jogoo pembeni.

Hakuuliza. Alisema ahsante, mwanangu. Akachukua kanga ya mkewe, akaenda kuiweka ndani.